Pengo na Mwanya

Usevya,
18 Januari 2025

Kaka Melkior,

Boksi limefika salama. Kondakta anasema alilipakata njia nzima ya hifadhini, na kwa jinsi alivyokuwa anachechemea nimemwamini. Nakuandikia barua kwa sababu simu huku inakata kila ninapofika kwenye jambo la maana, halafu wewe kitu usichokichora hakieleweki.

Mashine imesimama, kaka. Usicheke. Ile transfoma uliyoing'oa kwenye bango la taa la baa iliyofungwa nimeifunga kwenye ubao. Chupa za bia alizonikusanyia Deo nimezijaza maji ya chumvi, ndizo zinazotunza umeme. Lile bomba la plastiki ulilolizungushia waya wa kusukia mota limesimama katikati, na juu yake nimefunika sufuria ya jikoni. Kitabuni inaitwa koili ya Tesla, wasichana wangu wa darasani wanaiita Mnara. Umeme unajaa kwenye chupa, ukizidi unaruka pengo lililoko kati ya bolti mbili, na kila ukiruka, kule juu kwenye sufuria inatakiwa itoke radi ndogo ya zambarau, ndefu kama mkono wa mtu.

Inatoka ya urefu wa ukucha. Shida yote iko kwenye lile pengo la cheche. Nikizisogeza bolti karibu, linawaka mwali mmoja wa manjano unaounguruma tu. Nikizitenganisha, kimya. Nikiipata ile katikati yake, linapiga vizuri, pa pa pa, darasa zima linashangilia, halafu bolti zinapata moto, ule mwali unarudi, na kule juu panakufa.

Unajua kwa nini nahangaika. Mwisho wa mwezi wa pili Kidato cha Tatu wanachagua masomo. Mkuu wa shule ameniambia bila kuficha kwamba walimu ni wachache, na wanaochagua fizikia wasipojaza hata mstari mmoja wa madawati ya mbele, somo linafungwa kwao, mimi nihamie hesabu. Mwaka jana walijaza nusu mstari akanivumilia. Mimi mwenyewe nilisoma fizikia nikiwa msichana peke yangu mstari wa mbele, wavulana wote nyuma yangu, na sijasahau lile benchi lilivyokuwa refu. Sitaki msichana mwingine akae hapo peke yake, na sitaki benchi hilo likose mtu kabisa.

Nipe akili ya kifundi.

Mdogo wako,
Scola


Shanwe, Mpanda,
24 Januari 2025

Mwalimu,

Barua yako imefika inanuka dagaa, sijui kondakta aliilaza na nani. Nimeisomea karakanani, vijana wa hapa wakataka kujua kama nimeandikiwa na mchumba.

Sasa sikia. Hilo neno pengo linaniuma, unajua jino langu lilivyoondoka na mpini wa jenereta, lakini tuliite hivyo hivyo. Kwanza, hizo bolti zina ncha mbaya. Zisugue kwa msasa mpaka ziwe duara na zing'ae, maana cheche inapenda kung'ang'ania penye kovu. Nimekuwekea na nyingine mpya. Pili, lipanue pengo kidogo kidogo, na usiwe na tamaa. Likiwa pana mno umeme utakosa pa kuruka, utatafuta njia nyingine, na hiyo njia itakuwa chupa yako. Tatu, funga madirisha. Moto wowote ukipata upepo unawaka zaidi, hata mama lishe analijua hilo.

Na lile la siku zote: zima swichi, chomoa waya, gusisha chupa na ile nondo yenye mpini wa mpira umeme uliobaki uishe, ndipo uweke mkono. Sina dada mwingine.

Shangazi Emerensiana yuko hapa kwangu tangu Krismasi. Kutwa nzima ni habari za wageni. Akina Malale, wazazi wa Deo wako, wanaleta barua ya posa baada ya Pasaka, na yeye ameshaamua nani atakaa kiti gani. Habari za mashine sijamgusia. Akisikia unacheza na umeme unaoweza kuua ng'ombe, atakuja kukufunga kamba mguuni.

Kesho kutwa nakwenda Katumba, kuna mashine ya kusaga mota yake imeungua. Ukituma kitu kitapokelewa nyumbani.

Melkior


Usevya,
2 Februari 2025

Kaka,

Naandika mbio, basi linapiga honi. Pengo limenishinda. Nimelisugua kwa msasa kama ulivyoniambia mpaka machozi yananitoka. Bolti ulizonipa nimezikaza vizuri, sasa zimeungua zimekuwa nyeusi. Juzi nililipanua kidogo tu, likatoa moto mbele ya darasa zima, na chupa ya bia ikapasuka. Wasichana wengine walikimbia, wengine wakacheka. Mkuu wa shule alichungulia dirishani akatikisa kichwa, akaondoka.

Nililia, kaka, na si kwa maumivu, ni aibu. Siku zinakimbia, na siku yenyewe ikifika kila mtu atakuwa analitazama hilo hilo pengo. Tafadhali nitafutie kitu cha shaba badala ya hizi bolti za chuma, labda shaba itavumilia.

Shangazi asijue.

Scola


Shanwe,
6 Februari 2025

Mwanangu Skolastika,

Tumsifu Yesu Kristo. Melkior bado yuko Katumba, kwa hiyo kondakta amenikabidhi barua yako mimi, nami nimeifungua. Mtoto nimemlea mwenyewe, barua yake itanishinda kuifungua? Na pale mwisho umeandika shangazi asijue. Basi nimejua.

Nimeisoma bila miwani, nikaenda kutafuta miwani, nikaisoma tena, nikakaa. Mwanangu, hilo jino limetokaje? Ulianguka, au kuna mtu amekupiga? Kama ni huyo Deo sema mapema, wazazi wake watakuta mlango huu una kufuli. Habari ya chupa ya bia darasani sitaiuliza kwa barua. Hiyo tutaiongea tukiwa tunatazamana.

Lakini bolti, Scola. Kaka yako ni fundi wa mota. Ameanza lini kukaza bolti kwenye mdomo wa mtu? Na msasa! Msasa tunasugulia milango. Si ajabu umelia, mimi nimesoma tu na fizi zimeniuma. Sasa unataka shaba. Wale wanaokuja ni watu wa ng'ombe, macho yao yanaanzia kwenye meno. Msichana wetu akicheka kikatokea kipande cha shaba, mimi nitaegemea ukuta gani?

Nitakuambia kinachonichoma. Wewe hukuzaliwa na pengo, ulizaliwa na mwanya. Pengo ni pale palipong'oka kitu. Mwanya ni nafasi ambayo Mungu ameiacha kwa makusudi, na wako ni wa mama yangu, bibi yako Rozalia, ambaye hukumwona. Tena yeye hakuwa na mmoja tu. Meno yake yote ya mbele yalisimama mbalimbali kidogo kidogo, hakuna lililomgusa mwenzake. Uji ukiepuliwa sisi wote tunasubiri, yeye anakunywa. Anavuta upepo katikati ya yale meno, fyuu, uji unapoa huko huko mdomoni, halafu anatucheka sisi wenye meno yaliyobanana. Ndege kwenye mpunga aliwafukuza kwa mluzi wa meno hayo hayo, bila kuinuka alipokaa. Nikimkumbuka ndiyo sauti ninayoikumbuka.

Kwa hiyo kama daktari ni lazima aweke kitu, mwambie asiweke kidude kimoja kikubwa. Aweke vidogo vidogo, kila kimoja kiachane na mwenzake, upepo upite. Angalau ufanane na bibi yako.

Usisugue tena. Sukutua maji ya chumvi ya uvuguvugu asubuhi na jioni. Nakuombea rozari.

Shangazi yako,
Emerensiana


Usevya,
10 Februari 2025

Kaka,

Nakuwekea barua ya Shangazi humu ndani. Isome kwanza, halafu urudi hapa.

Umerudi? Mimi nilicheka mpaka mwalimu wa jirani akaja kuangalia. Deo alikuwepo, kaisoma akabaki kujishika mdomo, anasema yeye hajawahi kumpiga hata mbuzi. Nikasoma tena nimcheke vizuri, nikafika pale kwenye uji, na kicheko kikakatika.

Kaka, sisi wawili tumefikiria jiko. Tumeona moto tukasema usipate upepo, tukafunga madirisha. Lakini cheche haili mkaa. Ile cheche ikisharuka inatakiwa ife papo hapo, chupa zijae tena, iruke nyingine. Yetu haifi kwa sababu bolti na hewa ya pale kati zimeshapata moto, basi umeme unapita tu kama maji kwenye mfereji. Haitaki kufunikwa, inataka kupozwa. Ni uji, Melkior. Mimi mwalimu wa fizikia nimepuliza uji maisha yangu yote na sikuliona hilo.

Na lile la pili Shangazi kalisema pia. Tusiweke pengo moja kubwa, tuweke mianya midogo mingi iliyofuatana. Umeme utairuka yote kwa mkupuo, joto litagawanyika, na upepo utapita katikati. Nitafutie lile bomba la shaba la friji mbovu, ulikate vipande vifupi vinavyolingana, nitavisimamisha mstari kwenye ubao, kila kimoja kiachane na mwenzake kwa unene wa ukucha. Kwa upepo nitatumia feni nitakayoitoa kwenye kompyuta mbovu ya ofisini.

Shangazi mweleze taratibu. Mwambie meno yangu yote yapo.

Scola


Shanwe,
15 Februari 2025

Mdogo wangu,

Vipande vya shaba hivi hapa, nimevipiga msasa mwenyewe maana wewe umekatazwa. Habari ya madirisha naomba isizungumzwe tena katika ukoo huu.

Kumweleza Shangazi nimemweleza. Nilianza na transfoma, akasema nisimpeleke mbali. Nikaja kwenye chupa, akauliza kama na mimi nimeanza kunywa. Nikamchorea pengo la cheche kwenye karatasi, bolti huku na bolti huku, akaitazama ile picha, akasema kumbe yametoka mawili. Kila nilipoeleza alikuwa anaongeza nguo kwenye begi.

Kwa hiyo barua hii hajaichukua kondakta. Anayekukabidhi ni yeye. Inua macho utabasamu, aone.

Melkior


Usevya,
22 Februari 2025

Melkior mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefika salama, na meno ya mtoto yapo. Nilimfungua mdomo pale pale stendi, watu wakasimama kuangalia, sikujali. Nilipouona ule mwanya mahali pake nilimpiga kofi la bega halafu nikamkumbatia. Wewe picha zako hazieleweki, afadhali nilikuja.

Ndani ya maabara nilikuta chupa za bia zimepangwa kama kwenye harusi. Scola akaniambia ni maji ya chumvi. Alizima kila kitu, akagusisha ile nondo yako, akaniruhusu nionje. Ni maji ya chumvi kweli. Nikaomba radhi kimoyomoyo.

Kisha akanionyesha vile vipande vya shaba. Amevisimamisha mstari kwenye ubao, vifupi, vinang'aa, kila kimoja kimeachana kidogo na mwenzake. Nikamwambia haya ni meno ya mama. Akasema ndiyo Shangazi, ni yenyewe, na barua yako ndiyo iliyoyaleta.

Jana aliwaita Kidato cha Tatu wote. Nilikaa nao. Kuna binti mmoja anaitwa Mercy, amenong'oneza kwamba mara ya kwanza yeye ndiye aliyekuwa wa mbele kukimbia, kwa hiyo safari hii amekaa karibu na mlango. Scola akawasha. Ikapiga, pa pa pa, na kule juu kikatoka kitu cha zambarau kama mzizi wa mti, kinatafuta hewani. Wakashangilia. Halafu sauti ikaanza kubadilika ikawa nzito, na nikaona uso wa mtoto wetu umeshuka. Kile kifeni kilikuwa kidogo, hakipepei hata nzi.

Alizima. Mkuu wa shule alishaingia, amekaa benchi la nyuma. Nikamwona Scola anatafuta maneno ya kuwaambia. Mimi nikasimama nikaomba ungo jikoni. Scola alinitazama kidogo, halafu akaelewa. Akaufunga ungo mwenyewe kwenye fimbo ndefu kavu, akachora mstari wa chaki sakafuni, akaniambia Shangazi, hapa usivuke hata kidole. Usigombe, nilikaa nyuma ya chaki. Kupepeta mpunga nimeanza kabla baba yenu hajajua kutembea, na kusukuma upepo hakunishindi.

Akawasha, nikapepea. Ile sauti haikuwa nzito tena. Ilinyooka, kali, haikatiki, na kule juu ikatoka radi ndefu kuliko mkono wangu na ikakaa. Ikakaa, Melkior. Na kwenye yale meno ya shaba upepo ulipokuwa unapita palikuwa na kamluzi kembamba chini ya zile kelele zote. Wengine wanasema hawakusikia. Mimi nilikuwa karibu na nilisikia, nikalia huku napepea, na sioni haya kukuambia.

Alipozima, Mercy akauliza kwa nini upepo haukuuchochea moto. Scola akaniambia Shangazi, wajibu. Nikawaeleza habari ya bibi yenu na uji. Walicheka sana, halafu mmoja mmoja nikaona wanatulia, wanatazama yale meno. Mercy akasema kumbe ni kupoza. Hakuna aliyemfundisha hilo neno, kalitoa mwenyewe, na Scola akageukia ubaoni kama mtu aliyeingiwa na vumbi machoni.

Wanachagua wiki ijayo. Mkuu wa shule alipotoka alinisalimia kwa mikono miwili. Nami nakaa mpaka Jumatatu. Deo amekuja kuniamkia, kasimama mbali kidogo, nadhani anaogopa ungo. Ni kijana mzuri. Nimemwambia aje karibu.

Shangazi yako,
Emerensiana


Usevya,
1 Machi 2025

Kaka, na Shangazi, maana najua atakayeifungua ni yeye,

Jana wamechagua. Mkuu wa shule alitaka ifanyike mbele yake. Akasema nyie mnaotaka fizikia simameni mje mkae mstari wa mbele, wengine mbaki mlipo, asione mtu aibu. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya ubao, mikono nyuma, chaki imevunjika kiganjani.

Mwanzoni hakuna aliyenyanyuka. Ule mstari ulikuwa mtupu na mrefu, kaka, kama ule wangu. Kisha pale karibu na mlango benchi likalia. Nilifikiri Mercy anatoka nje. Akapita mbele ya mkuu wa shule akaja akakaa pembeni kabisa, peke yake, mikono juu ya dawati. Nikataka kwenda kukaa naye. Sikuwahi, maana alishafika wa pili, halafu wakaja kwa kusukumana mpaka viti vikaanza kukokotwa, na mmoja akaja na ndoo ya maabara kaipindua akaikalia.

Mkuu wa shule aliandika jina la somo kwenye ratiba hapo hapo, kwa kalamu, si kwa penseli. Mlangoni akageuka akaniuliza ungo wa jikoni utarudi lini, wapishi wanalalamika. Nikamwambia hautarudi, labda anunue mwingine, akacheka akaondoka.

Leo asubuhi nilifika mapema kabla yao, nikapanga madawati upya. Nimefurahi, siwezi kuficha. Shangazi, mstari wa mbele umejaa, pengo hakuna hata moja. Kuna mwanya mdogo tu pale katikati, nimeuacha kwa makusudi, nipate kupita.

Wenu,
Scola